Hapakuwa na Jogoo Mwingine

Habari ilimkuta Namelok amepiga magoti nyuma ya nyumba ya kaka yake, mkono ameuingiza kizimbani, chini ya tumbo la kuku aliyekuwa akiatamia. Vifaranga walikuwa wameanza kutoka tangu alfajiri. Alikuwa akiwapapasa, anamtoa mmoja mwangani, anamtazama, anamrudisha. Mweusi. Mweusi tena. Akamtoa mwingine, na huyo hakuwa mweusi. Alikuwa wa manjano kama kiini cha yai, miguu myeupe, manyoya bado yamelowa.

"Namelok."

Sauti aliijua bila kugeuka. Ilikuwa ya Efraimu, mwalimu wa kanisa, aliyewafundisha kusoma yeye na kaka yake Loserian.

"Mwalimu, njoo uone. Ametoka! Loserian akirudi atacheka mpaka—"

"Mweke chini huyo kifaranga, mwanangu."

Hapo ndipo alipogeuka. Efraimu alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani, na matope yamempanda mpaka magotini. Akasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetua mzigo. Loserian alishikwa na homa njiani, walipokuwa wakitoka Moshi na mabati ya paa la kanisa, yale yaliyoshushwa kwenye treni. Alifika Kikatiti anatetemeka. Akalala kwenye kibanda cha wapagazi, na jana asubuhi hakuamka. Wenzake wamemfunga kwenye blanketi lake na wanamleta kwa machela. Yeye Efraimu ametangulia. Kabla jua halijazama watakuwa wamefika.

Namelok alielewa kila neno. Akamrudisha kifaranga chini ya mama yake, akafunga mlango wa kizimba kwa kamba, akavuta fundo kuona kama limekaza. Kisha akachukua kibuyu akawamiminia kuku maji kwenye kigae, kwa sababu kigae kilikuwa kikavu.

"Umenisikia, Namelok?"

"Nimekusikia, mwalimu. Loserian amefariki."

Alijisikia akiyasema kama anavyosoma darasani, neno baada ya neno, sauti imenyooka. Kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ya wifi yake, Nanyori, aliyekuwa akimwimbia mtoto, na Namelok akawaza kwamba sasa wimbo ule itabidi mtu aende akaukatize.

Aliingia akaukatiza yeye.

*

Loserian hakuwa mtu wa kusimuliwa mbali. Alizaliwa kwenye mteremko wa Sambasha, magharibi ya Mlima Meru, katika boma la Mzee Parsimei, akachunga ndama, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, kama kila mtoto wa kiume wa Kiarusha. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na alicheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba alifuga kuku.

Kwa watu wake wa enzi zile za Mjerumani, hilo lilikuwa jambo la aibu. Kuku ni ndege, na Mwarusha hali ndege wala hamlazi ndege uani pake. Kuku walikuwa wa watu wa mjini, wale waliojenga kando ya boma la Mjerumani: askari, wapishi, wachuuzi waliotoka pwani na bara. Kutoka ukingo wa msitu hadi mtoni usingesikia jogoo akiwika.

Loserian alikuwa akishusha maziwa mjini, kwa Mwamvua, mke wa mchuuzi mmoja Mwislamu. Mwamvua alikuwa mama mnene, mwenye mdomo usiotulia.

"Wewe Mmasai," alimwambia siku moja, akimwona amechuchumaa anatazama kuku wake, "maziwa yanachacha huko. Unaposa au unatazama?"

"Mimi si Mmasai, mama. Ni Mwarusha."

"Haya, Mwarusha. Unaposa?"

Akampa jogoo mweupe pe pe pe, mkia kama moshi, na mtetea mweusi, badala ya maziwa ya siku kadhaa. Loserian akapanda nao mlimani ndani ya tenga, kichwani, mchana kweupe. Wanawake waliokuwa mferejini waliacha kuchota maji. Na baba yake, Mzee Parsimei, aliposikia kuwika kwa mara ya kwanza, alitoka nje na fimbo yake, akamtazama yule jogoo mweupe juu ya ua, akasema, "Anafanana na Mzungu aliyenyeshewa." Kisha akarudi ndani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena uani kwa mwanawe. Lakini kila penye pombe aliwaambia wazee wenzake kwamba katika mteremko mzima, juu mpaka chini, yeye pekee ndiye aliyejaliwa mtoto mpumbavu wa kufuga ndege. Alisema kwa uchungu, na pia kwa aina fulani ya majivuno.

Yule mtetea alitotoa vifaranga, na wote wakatoka weusi. Loserian alisikitika. Alimpenda jogoo wake kwa weupe wake, naye mwewe akampenda kwa weupe huohuo, akawa anamwona kutoka mbali. Siku moja akamjeruhi vibaya, akafa. Mtetea naye hakumaliza masika.

"Weupe umekwisha," Loserian alimwambia dada yake. "Umezimwa kama moto."

Akabaki na vijana weusi, jogoo mmoja na majike, ndugu wa tumbo moja. Hakuwa na wengine wa kuwaozesha. Watani wake wakamwuliza kama ndoa hiyo ataifungisha mwalimu Efraimu au Mjerumani mwenyewe.

Wakati huo alikuwa ameshamwoa Nanyori, na Nanyori akazaa mtoto wa kike, Simaloi. Loserian alikuwa mweusi kama sufuria ya mama yake. Nanyori alikuwa mweusi. Simaloi akatoka mwekundu, ngozi ya rangi ya asali, na kadiri siku zilivyokwenda hakukolea.

Maneno yalianzia mferejini. Nanyori alipata kupalilia kahawa kwenye shamba la mlowezi kabla ya kushika mimba, na hilo liliwatosha.

"Dume la jirani limeruka ua," walisema, wakicheka kwenye viganja.

Usemi ule ulikuwa wa ng'ombe. Ng'ombe wa mteremko ule walichungwa pamoja, madume ya maboma mengi katika malisho mamoja. Ng'ombe mwekundu akizaa na dume jekundu, na ndama akatoka mweupe, hakuna aliyejisumbua kufikiri. Dume la jirani limeruka. Mzee Parsimei alizijua rangi za ng'ombe kuliko mtu yeyote. Alikuwa na jina kwa kila baka na kila mstari, na kwa kila ndama wa rangi isiyotarajiwa jibu lake lilikuwa hilohilo. Basi akalitumia na kwa mjukuu wake. Hakumgusa Simaloi kichwani, hakumpa jina la ukoo, na Nanyori alipopita alitazama kando.

Loserian hakugombana. Alikuwa ameanza kujifunza dini, na alikuwa mwoga wa baba yake tangu utotoni. Lakini msimu uliofuata, mmoja wa majike yake meusi akatotoa, na katikati ya vifaranga weusi akawamo mmoja wa manjano, ambaye aliota manyoya meupe, weupe uleule wa babu yake aliyeuawa na mwewe. Loserian alimwita Namelok, akamwonyesha kwa kidole. Alicheka mchana kutwa amefunika mdomo.

"Umeona? Haukuzimika. Ulikuwa ndani yao, umekaa kimya. Ndani ya baba na ndani ya mama. Umekutana, umetoka."

"Mwambie baba."

Alimwambia. Alimwendea baba yake, akamwomba aje aone. Mzee Parsimei alikuwa akinoa kisu. "Unaniletea habari za ndege?" akasema, na kisu kikaendelea. Kabla Loserian hajapata moyo wa kurudi tena, mwewe yule akamnyakua kuku mweupe. Loserian akamwendea baba yake hivyohivyo, bila ushahidi, akafukuzwa.

Ndipo akamwatamisha kuku mwingine wa wale ndugu weusi. Naye alipoitwa kwenda Moshi kupokea mabati, alimwachia Namelok kizimba.

"Akitoka mweupe, mtunze. Asionwe na mwewe. Nikirudi nitamleta baba hata kwa kumbeba."

*

Vilio vilijaa nyumba. Wanawake walewale wa mferejini walikuja, wakamshika Nanyori, wakalia naye, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Namelok alichemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Alijaribu kuomba na neno lililokuja lilikuwa "Bwana," na baada ya hapo hakuna. Akalisema tena. Akaona litatosha kwa sasa.

Efraimu alikuwa amekaa kwenye kigogo nje, kofia bado mkononi.

"Mwalimu, mtamzika misheni?"

"Alikuwa bado anajifunza, mwanangu. Alikuwa abatizwe paa likishaezekwa. Makaburi yale ni ya waliobatizwa. Nimemwomba mchungaji asubuhi hii, kabla ya kuja huku. Amesikitika sana."

"Amesema hapana."

"Amesema hapana."

Basi likabaki boma la baba yake. Na katika ukoo wa Mzee Parsimei, siku zile, mtu aliyeacha mtoto alizikwa nyumbani, katika ardhi ya baba yake, karibu na lango la ng'ombe. Aliyekufa bila mtoto alichukuliwa chini porini, akalazwa juu ya majani, na waliompeleka walirudi bila kugeuka nyuma. Fisi walimaliza kazi. Haikuwa adhabu wala chuki, ndivyo ilivyokuwa. Mtu huyo alikuwa amekwisha.

Loserian alikuwa na mtoto, na baba yake hakumkubali.

Namelok alimkuta mzee amekaa langoni, peke yake, fimbo imelala mapajani. Akainamisha kichwa kama desturi, na mzee akaweka kiganja utosini mwake. Kiganja kile kilikaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Wamefika wapi?"

"Mwalimu anasema watakuwa wamevuka mto Usa tangu asubuhi."

"Nimeshawaita vijana wa kumpeleka chini."

"Baba, Loserian ana mtoto."

"Ana mtoto gani?" Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Yule mtoto mwekundu? Mlima mzima unajua. Nimlaze mwanangu mbele ya ng'ombe wangu kwa mtoto wa dume la jirani, watu wanitazame?"

Namelok alisimama. Hakuwa na hasira, na hofu aliyokuwa nayo kwa baba yake tangu utotoni aliitafuta hakuiona.

"Njoo uone kitu, baba. Nyuma ya nyumba yake."

"Kitu gani?"

"Kuku."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu amekufa, na wewe unaniita kwa ndege."

"Yeye ndiye aliyekuita. Mara ya kwanza ulikuwa unanoa kisu. Mara ya pili ulimfukuza. Leo hawezi kuja kukuita, nimekuja mimi."

Nzi alitua kwenye goti la mzee, hakumfukuza. Halafu akajiinua kwa fimbo, akatangulia.

Waombolezaji walipisha. Alivuka ua wa mwanawe akitazama mbele, akafika penye kizimba, akasimama hatua chache nyuma, miguu mbali na mavi ya kuku. Namelok akafungua kamba. Akawatoa vifaranga akawaweka kwenye pindo la vazi lake, weusi, na yule wa manjano katikati yao, ambaye sasa alikuwa amekauka na kutuna.

Macho ya mzee yalianza kufanya kazi ambayo yaliifanya miaka yote. Yalikwenda kwa kifaranga, kwa kuku aliyekuwa akiguna kizimbani, kwa jogoo aliyekuwa akiparura majivu, yakarudi kwa kifaranga.

"Mama ni huyu?"

"Ndiye."

"Dume ni lile?"

"Ndilo."

"Yule wa manjano, akikua?"

"Anakuwa mweupe. Tuliona wa kwanza."

Akatikisa kichwa, na jibu likamtoka lenyewe, kwa mazoea. "Basi dume la jirani limeruka."

"La jirani gani, baba?"

Mzee akageuka, akatazama mteremko. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka nyumba hata nyumba mpaka chini mtoni, na kila moshi aliujua ni wa nani.

"La kwa Sumari," akasema, bila nguvu.

"Mzee Sumari afuge kuku?"

Midomo yake ilicheza kidogo. Sumari alikuwa rafiki yake wa rika moja, mtu aliyehama njia akiona unyoya umelala. Parsimei akaendelea kutazama moshi, mmoja baada ya mwingine, na Namelok akamngoja. Ng'ombe walilia mbali. Hakukuwa na sauti ya jogoo popote isipokuwa hapo alipokuwa amesimama. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watu hivyo, miaka yote, penye kila kibuyu cha pombe.

"Babu yao alikuwa rangi gani?"

"Mweupe. Ulimwona. Ulisema anafanana na Mzungu aliyenyeshewa."

"Nilisema. Na wanawe?"

"Weusi wote. Loserian alidhani weupe umekwisha. Kumbe ulikuwa ndani, kwa huyu na kwa huyu. Alitaka kukuonyesha hilo tu."

Mzee aliinama juu ya fimbo yake, akamtazama yule kifaranga kwa karibu, kwa namna alivyotazama ndama aliyezaliwa usiku. Kifaranga akalia.

"Mama yangu alikuwa mwekundu," akasema. Alikuwa kama anamwambia yule ndege. "Wewe hukumkuta. Mwekundu kabisa. Sisi wanawe wote tulitoka hivi." Akaugusa mkono wake mweusi. Baadaye akauliza, "Na kwao Nanyori?"

"Bibi yake mzaa mama, naye alikuwa mwekundu. Nanyori alisema tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza zaidi."

Parsimei hakusema kwamba amekosea. Wala hakusema kwamba amesadiki.

"Mrudishe kwa mama yake," akasema. "Atapata baridi."

Akarudi langoni. Vijana aliowaita walikuwa wamekwisha kusanyika, wamejifunga mashuka kiunoni. Namelok alimsikia akiwaambia, kwa sauti ileile ya kila siku, "Nendeni mkalete majembe. Mtachimba hapa, upande wa kulia."

Namelok alingoja furaha, au machozi, au chochote. Akawarudisha vifaranga, akafunga kamba.

*

Walimleta jua likiwa halijazama bado. Blanketi lilikuwa na vumbi la njia nzima. Mwamvua alikuwa amepanda kutoka mjini na kipande cha nguo nyeupe ya marekani, akakitoa bila kuingia ndani ya boma, kwa kuwa hakujua kama inafaa.

"Mpeni hii, mwanangu," alimwambia Namelok. "Alikuwa akiniletea maziwa yasiyotiwa maji. Hakuna mwingine." Akataka kuongeza neno la utani kama alivyozoea, akajifunika uso kwa kanga.

Wanaume walimvika marekani wakamlaza kaburini kwa ubavu wa kulia. Mzee Parsimei alishuka mwenyewe ndani ya shimo, akampaka mwanawe mafuta ya kondoo kwenye paji la uso, akamtia nyasi mbichi mkononi, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja. Walimsaidia kupanda.

Efraimu akauliza kama anaruhusiwa kusali. Mzee akasema, "Sali." Akasoma maneno machache ya Zaburi, kisha wale waliojua wakasema Baba Yetu. Namelok aliisema mpaka mwisho. Hakuhisi kitu, na akaona Mungu ataipokea hivyohivyo.

Halafu mzee akamwendea Nanyori na kunyoosha mikono. Nanyori hakuelewa, kisha akaelewa, akamtoa mtoto mgongoni. Parsimei akamshika Simaloi, ambaye hakuwahi kumshika. Mtoto akamvuta sikio. Akapiga naye goti kwenye ukingo, akaweka udongo katika kiganja chake kidogo chekundu, akakifunika kwa chake, na viganja viwili vikamwaga udongo pamoja. Ulianguka juu ya marekani. Wazee waliona. Wanawake wa mferejini waliona.

Baada ya mtoto walifuata wengine: Nanyori, kisha Namelok, kisha waliombeba kutoka Kikatiti. Vijana wakafukia, wakapanga mawe juu, wakaweka matawi ya miiba kwa ajili ya fisi. Watu walinawa mikono kwenye beseni langoni, wakaanza kushuka, kila mmoja kwake.

Namelok alibaki nyuma kidogo. "Sere," akasema, kama walivyoagana siku zote kwa lugha yao. Akainama, akarudisha mahali pake jiwe moja lililokuwa limeteleza, akaenda kumpokea mzee mtoto.